Tunamjua Aliyeimba. Aliyepiga Je?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba naujua wimbo wa Sina Makosa. Niliusikia utotoni kwenye redio ya mama, nimeucheza harusini mara zisizohesabika, na naweza kuuimba mwanzo hadi mwisho huku nafua nguo. Kisha Jumapili moja, kwenye karakana ya seremala huko Mbagala, bendi yetu ikaamua kuupiga, nami nikakabidhiwa gitaa la rithimu. Haikupita robo saa nikatambua kwamba nilikuwa najua wimbo wa juu tu, ule unaobebwa na maneno. Chini yake ulikuwepo wimbo mwingine mzima, na huo sikuwahi kuusikia hata siku moja.

Bendi yetu ni ya ridhaa. Tukialikwa harusini tunapewa nauli, chakula na kiasi cha kununulia nyuzi, basi. Mpiga solo ni fundi umeme. Mpiga besi anafundisha hesabu shule ya msingi, wa tumba anaendesha bodaboda, na mwimbaji wetu ni muuguzi ambaye mara nyingine anakuja mazoezini moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Mimi nauza vipuri vya magari. Tunapiga zilipendwa kwa kuwa ndizo zilizotulea. Na ninaandika haya kwa sababu miaka minne ya kupiga nyimbo za watu wengine imenionyesha jambo ambalo miaka yote ya kuzisikiliza haikunionyesha: kumbukumbu yetu ya muziki wa dansi ina pengo kubwa. Imemtunza mwimbaji, imelitunza jina la bendi, na wapigaji imewaacha waende zao.

Nirudi kwenye Sina Makosa, maana ndiko nilikofunguka macho. Mwimbaji wetu alimaliza kazi yake jioni ile ile. Mimi ilinichukua wiki sita. Gitaa la rithimu katika wimbo ule halichapwi nyuzi zote kwa mkupuo kama tulivyozoea kwenye kwaya. Linadonolewa, noti moja moja, kifungu kifupi kinachojirudia na kujirudia, na kila noti ina nafasi yake ya kupenya katikati ya noti za besi. Ukiwahi kidogo unamkanyaga mpiga besi. Ukichelewa kidogo, wanaocheza wanapoteza mguu, hata kama hawajui kwa nini. Na besi yenyewe haijazi kila mahali. Inasema maneno machache, inanyamaza, na pale inaponyamaza ndipo kiuno kinapojua cha kufanya. Mwalimu wetu wa hesabu alihangaika na ule ukimya kuliko alivyohangaika na noti. Kila alipofika pale pa kunyamaza mkono wake ulitaka kuongeza kitu, na kila alipoongeza wimbo ulikufa.

Nilipochoka kukosea nikaanza kuuliza: huyu aliyekuwa anapiga hivi alikuwa nani?

Alikuwa Omar Shabani, ambaye wenzake walimwita Profesa. Kwenye besi alikuwa Tom Malanga. Dramu zilikuwa za Rashid Juma, na mwimbaji, huyo ambaye jina lake ndilo linalotajwa zaidi, ni John Ngereza. Bendi ni Les Wanyika, iliyoundwa Nairobi mwezi Novemba 1978 baada ya Shabani, Malanga na Rashid Juma kujitoa Simba Wanyika. Ngereza, Mtanzania mwenzao, walimkuta akiimba katika bendi nyingine hukohuko Kenya. Haikupita muda mrefu wakaurekodi wimbo huo, nao ukashika Afrika Mashariki nzima na haujaachia hadi leo.

Tangu hapo nimekuwa nikiwauliza watu, dukani, kwenye daladala, msibani hata: nani alipiga gitaa kwenye Sina Makosa? Wengi hawana jibu. Wachache wanamtaja Ngereza. Wapo wanaoapa kwamba wimbo ni wa Simba Wanyika, na wengine wanadhani ni wa Wakongo. Watu haohao wanaweza kuuigiza mlio wa gitaa lile kwa mdomo bila kukosea, kila noti. Kazi ya mikono ya Shabani wanayo vichwani mwao kwa miaka zaidi ya 40, ila jina la mwenye mikono hawana.

Ukianza kuvuta uzi huo hauishii hapo. Simba Wanyika ilianzishwa na ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga. Kabla ya Nairobi walipitia Arusha, na kabla ya Arusha walikuwa Jamhuri Jazz ya Tanga, walikoingia mwaka 1966. Jamhuri Jazz nayo ilianza kwa jina la Young Nyamwezi, na jina hilo peke yake linasimulia historia nzima. Tanga ya wakati ule ilikuwa ya mkonge, na mkonge uliwaleta watu kutoka Tabora na kwingineko kuja kukata majani yenye miiba kwa ujira mdogo. Waliokuja kukata mkonge walikuja na masikio yao. Mji huohuo ulikuwa na Atomic Jazz ya John Kijiko, na ulikuwa na taarabu ya Black Star na Lucky Star ambako Shakila binti Said alijipatia jina. Nimesikiliza santuri za Tanga na za Mombasa kwa mfululizo, na mtu aliyewahi kushika gitaa hawezi kukosa kuusikia udugu ule: mwendo usio na haraka, gitaa safi lisilo na kelele, na kila chombo kumpisha mwenzake. Mimi nilizaliwa mwendo wa saa mbili tu kutoka Tanga mjini. Hakuna aliyewahi kunisimulia hata nusu ya haya. Nimeyafikia kwa kuwa vidole vyangu vilishindwa kupiga kifungu cha noti saba.

Kwa nini wapigaji walipotea? Sababu ya kwanza ni ya karatasi. Santuri ndogo za wakati ule zilikuwa na lebo duara katikati, na juu yake paliandikwa jina la wimbo, jina la bendi na jina la mtunzi. Basi. Upande wetu wa Tanzania hata hiyo lebo mara nyingi haikuwepo. Bendi zilirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam, kanda zikabaki redioni, na mtangazaji akatangaza bendi na wimbo. Aliyetaka santuri alivuka mpaka kwenda Kenya. Msikilizaji wa Sumbawanga au Mtwara alijuaje kwamba besi ile inayomtikisa ni ya nani? Hakuambiwa.

Sababu ya pili ina uzito zaidi, nayo ni umiliki. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932, na bendi za kizazi chake pamoja na nyingi zilizofuata zilikuwa klabu. Wanachama walikuwa makarani, mafundi, wafanyakazi wa bandarini na reli. Walipiga baada ya kazi, vyombo vikiwa mali ya klabu. Kwa lugha ya leo, walikuwa watu wa ridhaa. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kikaunda NUTA Jazz, ambayo baadaye ikawa JUWATA, kisha OTTU, na leo tunaiita Msondo Ngoma. Hapo mwanamuziki akawa mwajiriwa mwenye mshahara. Jambo zuri, na silibezi hata kidogo, maana njaa haipigi gitaa. Lakini gitaa lilikuwa la mwajiri, jina lilikuwa la mwajiri, na mpigaji alipohama aliacha vyote nyuma. Ndiyo maana historia ya dansi inasimuliwa kama historia ya taasisi: NUTA, JUWATA, Vijana Jazz, Mlimani Park iliyoanzishwa mwaka 1978 na baadaye ikawa mali ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Msondo na Sikinde, yaani hao Mlimani Park, tunawashabikia kama Simba na Yanga. Mwimbaji angalau anaokolewa na sauti yake, kwani ukimsikia Muhiddin Gurumo au Hassan Bitchuka unajua ni yeye, popote alipohamia. Mpiga gitaa la rithimu akihama, ni nani kati yetu anayesikia kwamba kiti chake kimekaliwa na mwingine?

Lakini wapigaji wanasikia, na ndiyo hoja yangu. Mpiga solo wetu, yule fundi umeme, anaweza kukwambia ndani ya sekunde kumi kwamba hapa ni Said Mabera wa Msondo, kwa namna anavyoingia nyuma kidogo ya mpigo. Mwalimu wa hesabu anamtambua Suleiman Mwanyiro, aliyepachikwa jina la Computer kwa besi yake, hata kwenye kanda iliyochakaa. Hakusomea mahali. Alijaribu kupiga sehemu yake, akashindwa, akarudia, na katika kurudia akaijua tabia ya mtu ambaye hakuwahi kumwona. Nami hivyohivyo kwa Michael Enoch, aliyetoka Dar Jazz na kuja kuwa mwalimu wa wengi Mlimani Park. Sikumjua kwa kusoma. Nilimjua siku tulipojaribu kupanga sehemu za wapulizaji kwa kinanda kimoja kidogo, kwa kuwa hatuna tarumbeta wala saksafoni, tukaona jinsi kila sauti ilivyofumwa na nyingine kama ukili. Ukiondoa moja, mkeka mzima unaachia.

Tatizo hili ni la zamani kuliko dansi. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi santuri, na jina lake limebaki, kama inavyostahili. Shaaban Robert ameandika wasifu wake, shule zinamfundisha. Lakini Siti hakuwa peke yake. Katika kundi lake walikuwepo Subeit bin Ambar kwenye udi, Mbaruk, Buda bin Swedi na Maalim Shaaban, na baadhi yao walirekodi nyimbo zao wenyewe. Wapenzi wa taarabu wanawafahamu. Toka nje ya mduara huo uulize. Na hao walikuwa na bahati ya kusafiri na mtu mashuhuri, kwa hiyo majina yao yameshikiliwa na jina lake.

Kuna mahali pamoja ambapo wanamuziki wetu walijiandika wenyewe, nami napapenda sana. Wimbo unapofika kwenye sebene, maneno yakishaisha na magitaa yakichukua nafasi, mwimbaji anaanza kuwaita wenzake kwa majina. Zamani nilidhani ni mbwembwe za kujazia nafasi. Sasa nasikia daftari la mahudhurio. Fulani, piga! Fulani, wape! Pale ndipo mpiga tumba anapopata kuwa mtu mwenye jina, kwa sekunde tatu, halafu wimbo unaendelea. Tumeanza kuziandika sauti hizo. Kila wimbo tunaojifunza, mmoja wetu anasikiliza sebene peke yake akiwa na kalamu, na majina yanaandikwa kwenye daftari la shule la kurasa 96. Mara nyingi ni lakabu tu, lakini lakabu ukiipeleka kwa wazee inarudi na mtu mzima nyuma yake. Ndiyo maana naumia redio zinapokata wimbo mara tu sebene inapoanza ili kupisha tangazo. Ndipo palipo na majina.

Najua kuna wanaotuona sisi wa bendi za ridhaa kama watu wa kukopi, wasio na chao. Nimeambiwa hivyo na vijana wanaotunga nyimbo zao, ambao nawaheshimu. Jibu langu ni kwamba muziki huu wote ulianza kwa kukopi. Santuri za Kikuba zilipoanza kuingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1930, vijana wa miji yetu walikaa na gramafoni wakarudia mpaka vidole vikauma. Salum Abdallah wa Morogoro hata bendi yake aliiita Cuban Marimba. Hakuna anayemwona leo kama mwigaji. Alipiga ya wengine mpaka mikono yake ikaanza kusema Kiswahili. Kukopi kunakoua ni kule kwa kubonyeza kinanda cha kompyuta kikakupa mdundo uliokwisha kupangwa, ukauimbia juu. Hapo hukutani na mtu. Ukilazimika kutafuta kila noti kwa masikio, unakutana naye, na unatoka ukiwa umebadilika.

Mfano wa mpigaji aliyelipata jina lake upo, na unanipa moyo. Kahanga Dekula, maarufu kwa jina la Vumbi, alitoka Kongo akaja kupiga gitaa Dar es Salaam na Orchestra Maquis Original, wale wa Ogelea Piga Mbizi. Baadaye akahamia Sweden, na Stockholm akaunda bendi inayobeba jina lake. Mwaka 2019 alitoa albamu ambayo karibu yote ni gitaa lake tu, jina lake juu ya jalada. Nimeisikiliza mara nyingi usiku dukani nikifunga hesabu. Lakini ilibidi aende mbali namna ile ndipo gitaa lisikilizwe kama gitaa. Hapa kwetu ni wangapi waliobaki, wakapiga miaka 30 kwenye kumbi za Magomeni, Temeke na Kariakoo, na leo hata jirani wa ukuta kwa ukuta hajui?

Sheria tunayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwimbaji na mpigaji, si mtunzi peke yake. Lakini sheria inaanzia kwenye jina. Wimbo wa zamani ukipandishwa leo mtandaoni na mtu aliyeukuta kwenye kanda ya baba yake, unaandikwa bendi isiyo yake na mwaka wa kubahatisha, na wapigaji hawaandikwi kabisa. Kosa hilo linanakiliwa sehemu kumi kabla ya jua kuchwa. Kuna kazi ambayo redio zetu zingeweza kuianza kesho bila bajeti yoyote: mtangazaji wa kipindi cha zilipendwa aseme nani alipiga nini. Kama anamjua mmoja tu, amtaje huyo mmoja. Na vyombo vinavyomiliki kanda za Redio Tanzania viwaite wazee waliobaki, viwakalishe, viwapigie kanda hizo, na viandike wanachosema. Mkongwe mmoja mbele ya kanda yake ni zaidi ya kabati la nyaraka. Wengi tumewazika tayari, na kwa kila mmoja aliyezikwa zimeondoka sehemu ambazo hata kuzisikia vizuri hatujui, sembuse kuzipiga.

Nasema hivyo kwa sababu ya mzee mmoja. Tulikuwa tunapiga kwenye sherehe ya kipaimara, na tulipomaliza Sina Makosa akanijia polepole, fimbo mkononi, koti lake limepigwa pasi vizuri. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unapiga vizuri. Ila unapiga sana."

Sikumwelewa. Akaomba gitaa. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimekakamaa, hivyo hakuweza kudonoa sawasawa, lakini nilichotakiwa kukiona kilikuwa mkono wa kushoto. Kila baada ya noti alilegeza kidole kidogo sana, bila kukiondoa kwenye uzi, na noti ikakatika hapohapo, kavu, kabla ya ijayo kuanza. Wiki sita zote nilikuwa naacha noti zangu zilie mpaka zijifie zenyewe, nikiujaza ule ukimya ambao besi ilikuwa imeutengeneza. Kifungu ni kilekile, noti ni zilezile saba. Kumbe siri ilikuwa katika kuzikata. Alikuwa amepiga rithimu Tanga ujanani, katika bendi ambayo haikufika mbali, na kwa miaka mingi hakuna mtu aliyemuuliza lolote kuhusu gitaa. Wajukuu zake waliosimama pale walikuwa hawajui kwamba babu yao anapiga.

Siku hizi anakuja Mbagala Jumapili anapokuwa na nafuu. Mwenye bodaboda anamfuata kwake na kumrudisha. Tunamwekea kiti karibu na mlango, mbali na vumbi la mbao, na daftari la kurasa 96 anakaa nalo yeye. Majina mawili tuliyoyaandika ameyafuta akaweka mengine, na pembeni, kwa mwandiko wa zamani ulioinama, ameongeza nani alifundishwa na nani. Sasa tunajifunza wimbo wa Atomic Jazz. Tumeshika mwanzo na ubeti wa kwanza. Tukiingia sebene anafumba macho, na nikisahau kukata noti ananyanyua kidole kimoja, tunasimama, tunaanza tena.